Nani alimwona narwali kwenye kina cha mita 1,500?

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari mjini Tanga: "Niliwasomea wanafunzi wa Kidato cha Tatu habari za narwali, yule nyangumi wa Aktiki mwenye pembe ndefu, kwamba wakati wa baridi huzama zaidi ya mita 1,500 chini ya barafu. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, akanyosha mkono: 'Nani alimwona? Kule chini ni giza, juu kumefunikwa barafu, na mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi.' Nikamjibu kwamba wanatumia setelaiti. Lakini neno lilipotoka tu mdomoni nikajua sijamjibu. Hao wataalamu wanajuaje?"

Mwalimu, salamu nyingi kwako na kwa darasa lako. Mwambie kijana huyo kwamba hakuna aliyemwona. Amegusa pale penyewe. Setelaiti haioni chini ya maji, na mawimbi ya redio hufa karibu papo hapo yakikutana na chumvi. Kila namba uliyowasomea ilitoka kwa narwali mwenyewe. Amebebeshwa mgongoni kifaa kidogo kinachoandika kila kinachompata huko chini, naye akiibuka kuvuta pumzi, kifaa hupata sekunde chache za kusema kilichoandika. Setelaiti inayopita juu ni tarishi tu: inapokea barua na kuipeleka.

Sasa tuifungue barua yenyewe, maana utamu wa jambo hili umo humo.

Mabaharia wetu walipima kina kwa bildi: kamba, risasi nzito mwishoni, na kuhesabu kwa pima. Mita 1,500 ni zaidi ya pima 800. Nyangumi hawezi kufungwa kamba ya namna hiyo, kwa hiyo kinachopimwa si umbali bali uzito wa maji yaliyo juu yake, yaani kanieneo. Kila unaposhuka mita 10 baharini, kanieneo huongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Wazamiaji wa jongoo bahari na wa pweza wanalijua hili kwa masikio yao kabla ya kulisoma popote. Kwenye mita 1,500, eneo la sentimita moja ya mraba, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, hubeba uzito wa kilo 150 hivi, yaani gunia moja na nusu la mahindi. Ukijua kanieneo, umejua kina.

Hatua ya kwanza katika kazi hii ilikuwa rahisi mno. Mwanafiziolojia wa Norway, Per Scholander, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1940, alitumia kijibomba chembamba cha kioo kilichozibwa upande mmoja, kikapakwa ndani rangi inayoyeyuka majini. Mnyama akizama, maji yanaibana hewa iliyo ndani ya kijibomba, yanaingia na kuiosha rangi. Akiibuka, maji yanatoka, lakini alama inabaki pale yalipofika. Unapima alama kwa rula, unapata kina kikubwa kuliko vyote alivyofika. Nataka ukikumbuke kijibomba hiki, kwa sababu nitakirudia mwishoni.

Upungufu wake ni kwamba kinakupa namba moja tu. Hakikwambii alishuka saa ngapi, alikaa muda gani, wala alishuka mara ngapi. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Gerald Kooyman alikuwa McMurdo Sound, Antaktika, akiwachunguza sili wa Weddell. Alichukua saa ya jikoni ya dakika 60, ile ya kumkumbusha mpishi kwamba chakula kimeiva, akaifanya iwe moyo wa kinasa kinachochora kina na muda kwa pamoja. Sili wale wakaonyesha kwamba wanaweza kufika mita 600 na kukaa chini dakika 43. Kwa mara ya kwanza mbizi ya mnyama ilikuwa na umbo: mwinamo wa kushuka, muda wa kukaa chini, mwinamo wa kupanda. Vifaa wanavyovaa nyangumi wa Aktiki leo ni wajukuu wa saa hiyo ya jikoni. Badala ya saa kuna kitambuzi cha kanieneo na kumbukumbu ya kielektroniki, na kipimo huchukuliwa kila sekunde au kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku.

Lakini Kooyman alikuwa na bahati moja. Sili wake walilazimika kurudi kwenye tundu lilelile la barafu, akawavua kifaa chake. Narwali harudi. Ukimwachia Agosti kwenye hori la Kanada au la Greenland, Februari yuko katikati ya Baffin Bay, bahari iliyo kati ya Kanada na Greenland, katika maji ambayo zaidi ya asilimia 95 yamefunikwa na barafu, na meli haifiki. Kwa hiyo habari lazima zitumwe, na hapo ndipo swali la mwanafunzi wako linapobana.

Kwenye uso wa kifaa kuna vidoa viwili vya chuma. Vikiwa majini, chumvi inapitisha umeme kutoka kimoja hadi kingine. Nyangumi akitoa mgongo, mkondo unakatika, na kifaa kinajua kwamba sasa kuna hewa. Papo hapo kinarusha ujumbe usiomaliza hata sekunde moja. Juu, kwenye kimo cha kilomita mia kadhaa, kunapita setelaiti zenye mitambo ya Argos, mfumo ambao Ufaransa na Marekani waliuanzisha mwaka 1978. Setelaiti moja huwa juu ya upeo wa macho kwa dakika kumi hivi, kisha inatoweka. Ikiwa nyangumi hakuibuka ndani ya dakika hizo, au aliibuka antena ikakwama chini ya bonge la barafu, hakuna kilichosikika.

Na ujumbe wenyewe ni mdogo kiasi cha kusikitisha. Hauzidi baiti 32, wakati SMS ya kawaida ya simu ina baiti 140. Fikiria una daftari zima la siku, kila sekunde imeandikwa, kisha unaambiwa utume robo ya SMS. Utafanya nini? Utafupisha. Kwa kawaida kifaa kinaigawa siku katika vipande vya saa sita sita, na kwa kila kipande kinatuma hesabu: mbizi kadhaa zilifika kati ya kina hiki na hiki, kadhaa zilichukua dakika kati ya hizi na hizi, kina kikubwa kuliko vyote ni hiki. Daftari lenyewe linabaki mgongoni mwa nyangumi, na mara nyingi linazama naye.

Nimesoma faili nyingi za namna hii, na jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue ni hilo. Anaposoma kwamba narwali "alipiga mbizi 20 kwa siku chini ya mita 800", asidhani kuna filamu mahali fulani. Kuna visanduku vya hesabu vilivyojazwa na kompyuta ndogo ndani ya maji ya baridi kali, vikapenya hewani kwa bahati ya mkao wa mgongo na mwendo wa setelaiti. Namba hizo ni za kweli, lakini zimekwisha kukamuliwa. Na pale panapoandikwa "angalau mita kadhaa", mara nyingi maana yake ni kwamba kitambuzi chenyewe kilifika mwisho wa uwezo wake wakati mnyama bado anashuka.

Mahali alipo hupatikana kwa njia ambayo darasa lako linaweza kuisikia barabarani. Basi likija kasi huku limebonyeza honi, sauti huwa nyembamba. Likishakupita, sauti inashuka. Setelaiti nayo inasikia mawimbi ya kifaa, ambayo hurushwa kwa megahezi 401.65, yakiwa juu kidogo wakati inakaribia na chini kidogo wakati inaondoka. Kutokana na badiliko hilo, kompyuta inakokotoa nyangumi yuko wapi. Ikipata jumbe nne au zaidi katika pito moja, kosa linaweza kuwa chini ya mita 250. Ikipata moja au mbili tu, kosa linaweza kuwa kilomita nyingi. Vifaa vipya hubeba pia GPS ya haraka, inayonasa mawimbi ya setelaiti kwa kufumba na kufumbua, kisha hesabu inafanywa baadaye. GPS ya kawaida ingetaka nyangumi akae juu akiisubiri, na yeye hana muda huo.

Kuna jambo moja linaloipendelea Aktiki. Setelaiti za Argos huzunguka zikipita karibu na ncha za dunia, kwa hiyo kila mzunguko unapita kule, lakini si kila mzunguko unaopita juu ya Tanga. Kifaa hichohicho ukikiweka kwa nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba, kitapata nafasi chache zaidi za kusikika kwa siku kuliko kikiwa kwa narwali. Ndiyo maana mbinu hufuata mnyama na mahali. Huko Mafia, papa potwe walifuatiliwa kwa vifaa vinavyotoa mlio chini ya maji, ukanaswa na vipokezi vilivyowekwa kwenye sakafu ya bahari, na ikagundulika kwamba wengi hawaondoki kabisa msimu ukiisha. Wanashuka tu mbali na uso wa maji na kutoweka machoni pa watu. Nimelitaja hili kwa sababu ni kosa lilelile ambalo limetokea Aktiki kwa miaka mingi: kudhani kwamba usichokiona hakipo.

Sasa kifaa kinafikaje mgongoni? Hapa setelaiti haina msaada wowote. Narwali hana pezi la mgongoni, ana tuta la chini tu, jambo linalomfaa chini ya barafu na kumtesa mtafiti. Vifaa vya kwanza vilivyofungwa mapema miaka ya 1990 huko Melville Bay, kaskazini-magharibi mwa Greenland, vingine viliwekwa kwenye pembe yenyewe, ambayo kwa kweli ni jino la kushoto lililokua kwa kujipinda hadi kuvuka mita mbili. Siku hizi hutegwa nyavu ufukweni, narwali akinaswa watu wanamwahi kwa mashua, wanamshikilia pua yake ikiwa juu ya maji, na kifaa kinafungwa kwa pini za nailoni kupitia tuta la mgongo. Wanaojua wapi pa kutega, maji yanakwenda vipi, narwali atapita upande gani wa rasi na saa ngapi, na namna ya kumshika bila kumwua wala kuuawa, ni wawindaji wa Kiinuiti, wenyeji wa Aktiki. Mtaalamu kama Mads Peter Heide-Jørgensen wa Taasisi ya Maliasili ya Greenland, ambaye jina lake liko kwenye sehemu kubwa ya tafiti hizi, amefanya kazi hiyo bega kwa bega na wawindaji kwa miongo kadhaa.

Je, anaumia? Ndiyo. Pini inatoboa ngozi na mafuta, na kunaswa wavuni ni hofu kubwa kwa mnyama yeyote. Narwali aliyeachiwa huogelea na kuzama tofauti na kawaida kwa muda wa saa nyingi, na kwa sababu hiyo watafiti makini hutupa data za mwanzo, takriban siku nzima ya kwanza. Mimi nakubali kazi hii ifanywe, lakini kwa wanyama wachache, na kwa swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa njia nyingine. Kuna jamii za Wainuiti zilizokataa baadhi ya tafiti kwa sababu hizohizo, na hoja zao zinastahili kusikilizwa na si kupitwa.

Niseme sasa barua hizo zimetuletea nini, maana wanafunzi watauliza.

Kwanza, narwali amegeuza mawazo yetu kuhusu majira. Tulidhani kiangazi, jua likiwaka saa 24 na maji yako wazi, ndio wakati wa kula. Vinasa vimeonyesha kinyume. Majira ya joto huwa mahorini, mbizi zake za wastani, tumbo mara nyingi halina kitu. Baridi kali ikiingia, gizani, ndipo anapofanya kazi: mbizi 18 hadi 25 kwa siku zinazovuka mita 800, kila moja dakika 25 hivi, na kwa jumla saa tatu au zaidi za kila siku zikipita chini ya kina hicho. Anafuata samaki bapa wa jamii ya wayo, halibati wa Greenland, aliyelala karibu na sakafu ya Baffin Bay. Kila akimaliza lazima apate ufa wa kupumulia, katika barafu ambayo maji yaliyo wazi ni sehemu ndogo kabisa. Ufa ukijifunga ghafla, hufa. Nimekuwa nikilisoma jambo hili kwa miaka, na bado linanisimamisha.

Kisha akawa mtumishi wa sayansi ya bahari bila kujua. Mwaka 2006 na 2007, timu ya Kristin Laidre wa Chuo Kikuu cha Washington iliwavisha narwali 14 vifaa vyenye kipimajoto pamoja na kitambuzi cha kina. Kila mbizi ikawa kipimo cha joto la bahari kutoka juu hadi chini, mahali ambapo wakati wa baridi hakukuwa na vipimo. Mbizi ya chini kuliko zote ilifika mita 1,773. Vipimo vyao vilionyesha kwamba maji ya kina ya Baffin Bay yalikuwa na joto zaidi kuliko yalivyoandikwa kwenye takwimu zilizokuwa zikitumika, kwa karibu nyuzi 0.9 za Selsiasi. Meli ya utafiti yenye uwezo wa kuvunja barafu ni gharama ya kutisha. Narwali 14 waliifanya kazi hiyo huku wakitafuta chakula chao.

Lakini ugunduzi ambao mimi ningemwambia mwanafunzi wako kabla ya wote ni ule wa moyo. Mwaka 2017, timu iliyoongozwa na Terrie Williams ilichapisha matokeo kutoka Scoresby Sound, mashariki mwa Greenland. Waliwabandika narwali waliokuwa wametolewa nyavuni kifaa kinachoshikilia kwa vikombe vya kufyonza, kinachosikiliza mapigo ya moyo na kuhesabu mapigo ya mkia, kisha baada ya siku chache kinang'oka chenyewe, kinaelea na kuita kwa redio kichukuliwe. Narwali akipumzika juu ya maji, moyo hupiga mara 60 hivi kwa dakika. Akizama kwa utulivu, hushuka hadi kati ya 10 na 20. Hao waliokuwa wakikimbia baada ya kuachiwa, moyo ulishuka hadi mapigo matatu au manne kwa dakika, huku mkia ukipiga kwa nguvu zote.

Yatazame hayo mambo mawili pamoja. Mnyama anayeogopa na asiyeweza kukimbia huganda na moyo hupungua. Anayekimbia, moyo humwenda mbio. Narwali huyu alikuwa akifanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa pumzi moja aliyoivuta juu. Mchoro wa kina peke yake ungeonyesha mbizi ya kawaida kabisa. Ndiyo sababu nasema namba ya kina, hata ikiwa sahihi, haijakwambia mnyama alikuwa katika hali gani.

Hili lina uzito kwa sababu Aktiki haiko kimya tena. Mwaka 2017 na 2018, hukohuko Scoresby Sound, watafiti walileta meli yenye mizinga ya hewa inayotumika kutafuta mafuta chini ya bahari, wakiwa wamekwisha kuwavisha narwali vinasa sauti. Narwali akiwinda hutoa milio ya kugonga, na akimkaribia samaki milio hiyo hufungana hadi kuwa mvumo mmoja. Ukihesabu mivumo, umehesabu majaribio yake ya kula. Meli ilipokuwa kilomita 12 mbali, mivumo ilipungua kwa nusu. Kilomita 7 hadi 8, ilikoma. Kwa macho ungeona nini? Maji matupu na meli kwa mbali. Na huko Kanada, mgodi wa chuma wa Mary River ulipoomba kuongeza uzalishaji kutoka tani milioni 6 hadi milioni 12 kwa mwaka, meli zake zikipita katikati ya maji ya kiangazi ya narwali karibu na Pond Inlet, wawindaji walisema wanyama tayari wanayakimbia maji hayo. Bodi ya tathmini ya Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada ulipo mgodi huo, ilipendekeza ombi likataliwe, na Novemba 2022 serikali ya Kanada ikalikataa. Athari kwa narwali zilikuwa miongoni mwa hoja kuu.

Beluga, nyangumi mweupe, nimtaje kwa haraka. Waliofungwa vifaa Point Lay, Alaska, mwaka 1998, walidhaniwa kuwa wanyama wa pwani na maji ya kina kifupi. Baadhi yao wakapinda kaskazini, wakaingia katika barafu nzito hadi kufika latitudo 80 kaskazini.

Kuhusu nyangumi mkubwa wa Aktiki, yule mwenye kichwa kilichopinda kama upinde ambaye wataalamu humwita Balaena mysticetus, nina visa viwili na sitaki kuacha hata kimoja.

Cha kwanza ni cha Septemba 2010. Nyangumi mmoja aliyefungwa kifaa Alaska alikuwa akielekea mashariki, na mwingine aliyefungwa magharibi mwa Greenland akielekea magharibi. Kati ya makundi hayo mawili kuna Mlango wa Kaskazini-Magharibi, njia ya bahari inayopita kaskazini mwa Kanada, ambao barafu yake ilidhaniwa kuwa ukuta. Barafu ilikuwa imepungua. Nyangumi hao wawili waliingia kila mmoja kwa upande wake, wakakaa karibu siku 10 katika eneo moja la bahari, kisha kila mmoja akarudi alikotoka. Hakuna mtu aliyekuwepo. Nukta mbili tu kwenye ramani, zikisogeleana siku baada ya siku, na watu ofisini wakizitazama.

Cha pili ni cha zamani zaidi na kinamhusu mvuvi, baba wa mwanafunzi wako. Mwaka 1977, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi hao Alaska, kwa hofu kwamba wamebaki mamia machache au elfu moja na kitu. Wataalamu walikuwa wamewahesabu kwa macho wakiwa kando ya ufa wa barafu karibu na Point Barrow. Wawindaji wa Kiinupiat, wenyeji wa kaskazini mwa Alaska, walisema hesabu hiyo si sahihi: nyangumi hawa hawaogopi barafu, wanapita chini yake, mbali na ufa, wanaivunja kwa kichwa na kupumua, nanyi mmekaa mnahesabu wale wa mbele ya macho yenu. Harry Brower Mkubwa alimweleza jambo hilo kwa subira mtafiti Tom Albert, naye akalichukulia kwa uzito unaostahili. Katika miaka ya 1980 vikashushwa vipaza sauti chini ya maji, na sauti za nyangumi zikasikika zikipita kule nje, chini ya barafu, kama walivyosema wazee. Idadi imepanda tangu wakati huo kwa sababu wanazaana pia, na hesabu ya mwaka 2011 ilikadiria karibu 17,000. Lakini hesabu haingesahihishwa kama wenye bahari yao wasingesikilizwa. Vifaa vya setelaiti walivyofungwa nyangumi hao kuanzia miaka ya 2000 viliwekwa kwa ushirikiano na manahodha haohao wa mashua za kuwindia.

Basi, Mwalimu, ukirudi darasani usianze na setelaiti. Tafuta kijibomba chembamba cha kioo au cha plastiki angavu, kirefu kama rula, kilichozibwa vizuri upande mmoja. Paka ndani rangi kavu ya chakula, ipake nyembamba. Kifunge kwenye mshipi pamoja na chubwi, mdomo ukitazama chini. Mwombe baba wa mwanafunzi huyo awachukue wachache nje ya mwamba siku ya maji mafu, mkondo ukiwa mpole, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, nao washushe mshipi huku wakihesabu pima. Wakifika mita 10, ambazo ni pima tano na nusu hivi, rangi itakuwa imeoshwa nusu ya kijibomba. Washushe kingine mita 20, kitaoshwa theluthi mbili. Mita 30, robo tatu. Kisha waulize kingeoshwa hadi wapi kwenye mita 1,500, na kwa nini rula isingetosha kuisoma alama hiyo. Jibu ni kwamba hewa ingebanwa hadi sehemu moja kati ya 151, yaani milimita mbili tu kwenye kijibomba cha sentimita 30, na hapo tofauti ya mita 1,400 na mita 1,600 haionekani kwa jicho.